Tarehe ilisogezwa, dawa haikusogezwa: kisa cha kijana wa miezi 7 na kipimo cha kibofu

Hiki kisa nimekaa nacho miezi kadhaa, kila nikitaka kukiandika naona kama najishtaki mwenyewe, leo wacha nikiandike tu. Mi ni nesi wodi ya watoto, hospitali moja kubwa ambayo sitaitaja. Mtoto nae sitamtaja, tumwite kijana maana ndo tulivyokuwa tunamwita wodini, kijana wa miezi 7, kilo 7 na nusu, anacheka na kila mtu mpaka aone koti jeupe.

Kwa kifupi ni hivi. Kijana aliletwa kufanyiwa MCUG, kile kipimo cha kuwekewa mpira wa mkojo halafu kibofu kinajazwa dawa inayoonekana kwenye eksirei na anapigwa picha kibofu kikijaa na akiwa anakojoa. Aliingia chumba cha eksirei Alhamisi hana homa, ananyonya vizuri. Jumapili akarudi nyuzi 39.6, anatapika, ziwa hataki. UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, tena ya kupanda kwenye figo. Na kitu cha kwanza kilichosemwa pale mapokezi, nilikuwepo nikasikia kwa masikio yangu, ni "mama unambadilisha pampasi saa ngapi?"

Hapo ndo nilipoanza kukasirika, na kukasirika kwangu ndo kulinifanya nikalitafute faili lote nilisome kuanzia karatasi ya kwanza.

Turudi nyuma. Kijana alizaliwa vizuri tu. Miezi minne akapata homa, dispensari wakapima malaria hamna, wakampa amoxicillin ya maji "kwa ajili ya kifua", ikaisha. Mkojo haukupimwa. Siwalaumu sana, huku kwetu kila mtu mzima mwenye homa akikosa malaria anaambiwa taifodi, akikosa taifodi anaambiwa ana mkojo mchafu, lakini mtoto mchanga ambaye kweli anaweza kuwa na mkojo mchafu ndo hapimwi, kwa sababu kumkinga mkojo ni kazi. Miezi mitano homa ikarudi kali, safari hii akaletwa kwetu, mkojo ukachukuliwa kwa mpira, ukapelekwa kuoteshwa, akaota E. coli, bakteria ambae ndo msumbufu mkuu wa UTI za watoto. Akapata ceftriaxone ya sindano akapona. Altrasaundi ikaonyesha figo la kushoto limetanuka na mrija wake umetanuka.

Hapo MCUG ikawa na sababu. Nalisema hili maana wazazi wengine wanadhani kila mtoto akipata UTI moja lazima awekwe mpira. Wamarekani kupitia chama chao cha madaktari wa watoto walishaandika mwaka 2011 kwamba kwa mtoto wa miezi 2 hadi 24 mwenye UTI ya homa ya mara ya kwanza usikimbilie MCUG, anza na altrasaundi, ikiwa na kasoro au homa ya UTI ikijirudia ndo uende huko. Huyu wetu altrasaundi ilikuwa na kasoro. Na njia nzuri kabisa ya kukinga UTI ya kipimo ni kutokufanya kipimo kisichohitajika, ila hapa kilihitajika.

Tulichokuwa tunakitafuta ni mkojo unaorudi juu. Kwa kawaida mrija unaotoka kwenye figo unaingia kwenye kibofu kiubavu ubavu, unapita kidogo ndani ya ukuta wa kibofu kabla haujatokeza, kwa hiyo kibofu kikijaa au kikijibana kinaukandamiza ule mrija na mkojo hauna pa kurudi. Watoto wengine hicho kipande cha ndani ya ukuta ni kifupi, mrija haubanwi, mkojo unapanda. Unapangwa daraja la 1 mpaka la 5, la 5 ndo mbaya. Na kwa mtoto wa kiume unaangalia pia kama kuna vali kwenye njia ya mkojo inayozuia usitoke.

Sasa fikiria unamjaza kibofu mtoto wa namna hiyo. Kama kwenye mkojo kuna wadudu, au mpira umewasukuma ndani, wewe mwenyewe kwa mkono wako umewapandisha hadi kwenye figo. Ndo maana kipimo hiki hakifanywi mtoto akiwa na UTI inayoendelea, na ndo maana kuna habari ya kumpa antibayotiki ya kukinga. Muongozo wa NICE, taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, ule wa 2007 na hata huu uliochukua nafasi yake 2022, unasema antibayotiki ya kunywa siku 3, kipimo kiwe siku ya pili. Jana yake, siku yenyewe, kesho yake. Wapo wataalamu wanaobisha kwamba si kila mtoto anahitaji, kwamba wanaopata UTI baada ya kipimo ni wachache na wengi wao ni wale waliokuwa na kasoro tayari, na mi nawaelewa, lakini kijana wetu alikuwa ndo huyo mwenye kasoro tayari.

Dokta aliandika vizuri kabisa. Septrin ya maji, mara moja kwa siku, siku 3, aanze Jumanne, kipimo Jumatano. Fomu ya eksirei ikajazwa, kwenye kile kisanduku cha "amepewa antibayotiki ya kinga" pakawekwa tiki. Dirisha la dawa wakampa mama chupa, juu ya boksi wakaandika kwa kalamu ya bluu: 1x1, siku 3.

Mama anatoka upande wa Mkuranga. Jumanne asubuhi akampa kijana dozi ya kwanza. Jumatano alfajiri akapanda gari na bibi yake kijana, wakafika saa mbili, wakakaa kwenye benchi mpaka saa nne ndo wakaambiwa mashine imeharibika tangu Jumatatu, rudini Alhamisi ya wiki ijayo. Tangu Jumatatu! Bas wakarudi nyumbani. Jumatano jioni akampa dozi, Alhamisi akampa dozi, siku 3 zikaisha kama boksi linavyosema. Chupa ilikuwa bado ina dawa akaifunga akaiweka juu ya kabati, maana alishaambiwa wodini miezi miwili nyuma asimalizie antibayotiki kiholela wala asiongeze siku. Yaani mama alifanya kila alichoambiwa, kwa mpangilio alioambiwa.

Alhamisi iliyofuata wakarudi. Siku saba kamili toka dozi ya mwisho. Fomu ilikuwa ile ile, tarehe ya juu imekatwa imeandikwa mpya pembeni, na tiki ya antibayotiki ipo pale pale inang'aa. Mtu wa eksirei akaangalia tiki, akaendelea. Kwa nini asiendelee? Tiki si ipo.

Hiyo tiki nimeiangalia mara nyingi sana. Haikuwa uongo siku ilipoandikwa. Iligeuka uongo yenyewe taratibu, bila mtu kuigusa.

Ndani ya chumba kile kazi ilienda vizuri kwa kiasi kikubwa na lazima niseme, maana watu wakisikia UTI baada ya kipimo wanadhani kuna mtu alikuwa mchafu. Nilikuwepo, mi ndo nilimshika kijana miguu. Mtu wa eksirei alinawa, akavaa glavu za vifurushi, akamsafisha, govi hakulivuta kwa nguvu (kwa mtoto wa umri ule limeshika, ukilivuta unamchana, na kidonda kile ni mlango mwingine wa wadudu), akaweka jeli ya ganzi akasubiri kidogo. Mpira ulikuwa ule mwembamba wa kulishia watoto, namba 6, hauna puto, na hivyo ndo inavyotakiwa maana puto ndani ya kibofu kidogo vile linaziba njia na linaharibu picha. Mara ya kwanza mpira ukamgusa paja kabla haujaingia. Akautupa, akafungua mwingine. Wapo ambao wangeufuta wakaendelea, yeye akautupa, nampa maua yake.

Chupa ya ile dawa ya eksirei ilining'inizwa chini ya mita moja juu ya meza, ikashuka yenyewe kwa uzito wake bila kusukumwa na bomba la sindano. Kwa mtoto wa chini ya mwaka unakadiria ujazo wa kibofu kwa kuzidisha kilo zake mara 7, kijana anakuja kama mililita 50 na kidogo, akishavuka mwaka ndo unatumia umri ukijumlisha 2 mara 30. Ukimjaza kupita kiasi unaongeza presha na unaweza kuleta mkojo kurudi juu hata pale ambapo usingerudi. Hapakuzidishwa.

Kilichoniuma ni kingine. Mpira ulipoingia tu ulitoka mkojo, kama kijiko cha mezani hivi, na haukuwa maji maji, ulikuwa na ukungu fulani. Ukaingia kwenye kisahani cha chuma. Kisahani kikapelekwa sinki. Yaani ule ndo mkojo safi kuliko wote utakaoupata kwa mtoto wa miezi 7, umetoka moja kwa moja kwenye kibofu, haujagusa pampasi wala ngozi, na sisi tumeumwaga. Mi nimeumwaga, mkono ulikuwa wangu. Hatukuuingiza hata kile kijiti cha kupimia, ambacho ndani ya dakika mbili kingetuonyesha naitraiti na chembe nyeupe, ambazo ni dalili za maambukizi, tukaamua tusimame au tuendelee.

Picha zikatoka: kushoto mkojo unarudi daraja la 4, kulia daraja la 2, vali hamna. Mama akaambiwa, na hapa namnukuu mwenyewe alivyonisimulia, "akilia akikojoa ni kawaida, mpe maji maji." Ni kweli ni kawaida. Siku moja au mbili inachoma, mkojo unaweza hata kuwa na upinki kidogo. Lakini hakuna aliyemwambia nusu ya pili, kwamba homa si kawaida. Ijumaa usiku kijana akachemka. Mama akakumbuka "ni kawaida". Bibi akasema mtoto analia sana huyu twende, mama akasema bibi wameshasema atalia. Jumamosi paracetamol. Jumapili asubuhi akatapika ziwa lote ndo wakapanda gari.

Masaa zaidi ya 24 hayo yamepotea, kwa mtoto ambaye figo lake la kushoto tunalijua lina mkojo unaopanda. Homa ya UTI kwa mtoto mdogo unataka aanze dawa mapema, kadri unavyochelewa ndo kovu kwenye figo linapata nafasi.

Sasa tundu la pili, la kwanza likiwa ile tarehe, na hili nililipata Jumatatu nikiwa na faili. Majibu ya kuotesha mkojo ya miezi miwili nyuma yalikuwa mle mle, yamepachikwa nyuma ya karatasi ya altrasaundi, yamekunjwa. E. coli. Pembeni ya ampicillin herufi R, yaani mdudu ni sugu kwa dawa hiyo. Pembeni ya co-trimoxazole, ambayo ndo hiyo Septrin, herufi R. Yaani mdudu wa huyu mtoto tulishajua hasikii Septrin, na bado tukamwandikia Septrin ya kinga. Majibu yalirudi kijana ameshapona na ceftriaxone, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka nayo, mtu akayapokea akayapachika.

Na majibu mapya ya Jumapili yakaja: E. coli, R zile zile mbili, nitrofurantoin inafanya kazi, gentamicin inafanya kazi, ceftriaxone inafanya kazi.

Kwa hiyo ugomvi wetu kwenye kikao ulikuwa huu: kipi ndo kosa? Dokta mmoja akasema hata dozi zingepangwa kwa tarehe sahihi zisingesaidia kitu kwa sababu dawa yenyewe haikuwa sahihi, hivyo habari ya tarehe tuiache. Mi nikabisha, na bado nabisha. Kwanza mdudu kufanana na wa miezi miwili nyuma kunaonyesha huenda ni yule yule aliyekuwa amejificha kwenye utumbo au chini ya govi akarudi, lakini haithibitishi kama alikuwa kwenye mkojo tayari asubuhi ile au tulimsukuma na mpira, na mkojo ambao ungetujibu niliumwaga. Pili, wiki ijayo atakuja mtoto mwingine ambaye mdudu wake anasikia dawa, na mashine itaharibika tena, maana inaharibika. Tundu la dawa ni la huyu mtoto. Tundu la tarehe ni la watoto wote.

Kuhusu pampasi nilisema kwenye kikao hicho hicho na sauti yangu ilipanda kidogo. Kumbadilisha mtoto ni vizuri, kumfuta kutoka mbele kwenda nyuma kwa watoto wa kike ni vizuri, choo kigumu nacho kinachangia UTI na kishughulikiwe. Lakini huwezi kuchukua mtoto mwenye daraja la 4 aliyewekewa mpira bila kinga, ukamuuliza mama yake habari za pampasi.

Kijana alilazwa siku saba. Ceftriaxone, homa ikashuka siku ya tatu. Nitrofurantoin hakupewa kama tiba japo majibu yalisema inafanya kazi, na hili wengi linawachanganya: ile dawa inajikusanya kwenye mkojo, kwenye nyama ya figo haifiki vya kutosha, kwa hiyo kwa kinga inafaa, kwa UTI iliyopanda haifai. Kabla ya kumwanzishia ya kinga ya kila siku akapimwa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, maana ukanda huu wetu wa malaria watoto wenye upungufu huo si wachache na nitrofurantoin inaweza kuwavunja damu. Alikuwa sawa, akaanza.

Kuhusu kama kinga ya muda mrefu ina faida, utafiti wa RIVUR wa Marekani, 2014, uliwafuata watoto 607 wenye mkojo kurudi juu kwa miaka miwili, waliokunywa co-trimoxazole kila siku UTI zilijirudia karibu nusu ya waliokunywa dawa bandia. Makovu ya figo hayakupungua. Na kwa waliopata UTI ya E. coli huku wanakunywa dawa, asilimia 63 wadudu walikuwa sugu kwa dawa hiyo, upande wa pili 19. Halafu karibu wote kwenye utafiti ule walikuwa watoto wa kike, kwa hiyo kumhusu kijana wetu unasoma kwa tahadhari. Dokta alimweleza mama yote haya kwa Kiswahili cha kawaida, dakika ishirini nzima, sijawahi kuona.

Jambo jingine ni tohara. Kuna uchambuzi wa 2005 uliokusanya tafiti nyingi, kwa mtoto wa kiume wa kawaida unahitaji kutahiri kama 111 kukinga UTI moja, lakini mwenye mkojo kurudi juu wa daraja kubwa ni kama 4 tu. Dokta alianza kulieleza kwa kulizunguka, akiogopa kugusa mila za watu, bibi akamkatiza: "Dokta, huyu atatahiriwa tu, kwani babu yake alisubiri nini? Nyie semeni lini." Wodi nzima ilicheka. Alitahiriwa baada ya dawa kuisha na mkojo kuonekana safi.

Baada ya hapo tulibadilisha vitu, vingine vimeshika vingine bado. Tarehe ya kipimo ikisogezwa fomu inachanwa, inaandikwa mpya, tiki haihami. Dawa ya kinga mama anaanza baada ya kupigiwa simu jana yake asubuhi kwamba mashine ni nzima, na simu naipiga mi au mwenzangu wa zamu, tukimkosa yeye tunampigia mtu wa pili aliyeandikwa. Anayekunywa kinga ya kila siku haachi. Mwandishi wa dawa lazima aandike kwenye fomu tarehe ya majibu ya mwisho ya kuotesha na dawa zilizokataa, akiacha wazi tunamrudishia, na kuna dokta mmoja hanisalimii tangu nimrudishie mara mbili. Mkojo wa kwanza kwenye mpira unaingia kwenye kichupa, kijiti kinachovywa hapo hapo, kikionyesha uchafu tunasimama, mkojo unaenda kuoteshwa. Na mama anaondoka na karatasi nusu ukurasa: kuchoma siku mbili ni kawaida, homa ya 38 au zaidi, kutapika, kukataa kunyonya, usisubiri asubuhi, njoo, na ukifika sema "mtoto aliwekewa mpira tarehe fulani".

Nilimuuliza mama, kijana alipokuwa anaruhusiwa, kama kuna kitu anataka tukiboreshe. Akawaza. "Sista, ile Jumatano mashine ilikuwa imekufa tangu Jumatatu. Namba yangu mlikuwa nayo."

Kijana sasa ana mwaka na miezi miwili, UTI hajapata tena, altrasaundi inayofuata ni mwezi ujao. Wiki iliyopita alikuja mtoto mwingine, wa kike, kipimo Jumanne, mama yake kashika boksi la dawa ya maji. Nikaligeuza. Kalamu ya bluu, 1x1, siku 3. Nikalichukua nikaenda nalo dirishani, nikamwambia kaka wa pale kwa upole, andika siku zenyewe, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Akaniambia boksi halina nafasi. Nikampa plasta, nikamwambia andika juu ya hii.